Nukta za Sabra

Mbwera,
2 Mei 2023

Wifi yangu Sabra,

Assalaam alaikum. Nakuandikia nikiwa juu ya dungu, katikati ya mpunga, na kamba ya makopo nimeifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Kila nikimaliza mstari navuta. Makopo yanalia, ndege wanaruka, wanakwenda kutua kwa jirani, na jirani naye ananirudishia. Tumbo langu limekuwa meza. Karatasi iko juu yake, na mtoto akipiga teke herufi inapinda. Ukiona neno limekaa vibaya usinilaumu mimi, mlaumu mtoto wa kaka yako.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya nyumba nzima, na mtandao wenyewe mpaka upande ngazi. Barua ni yangu peke yangu. Tuliandikiana tangu bweni la Kibiti, likizo zote, kabla kaka yako hajajua kwamba mimi nipo duniani. Sioni sababu ya kuacha kwa kuwa amenioa.

Sasa nina shtaka. Mama yako ametutia matatani. Kila boti ikitia nanga yuko gatini anatangaza kwamba mwanawe yuko chuoni Arusha anaunda kuku ndani ya kompyuta. Juzi Mzee Kibwana akamwambia, "Basi Mwajabu, mwambie atuletee mitetea miwili ya hiyo kompyuta, yangu imeliwa na kicheche." Mama akamjibu, "Kuku wa mwanangu si wa kuliwa na wewe." Watu wakacheka, lakini jioni akaniuliza pembeni, "Hivi Zuhra, anafanya nini hasa?" Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nikabaki nakuna kichwa. Sisi huku tunawinga ndege tangu babu zetu, na wewe umekwenda kusomea namna wanavyotengenezwa! Niandikie kwa maneno ninayoweza kumsomea Mama.

Afya yangu nzuri. Muuguzi wa zahanati anasema mtoto amekaa sawa, kabla ya katikati ya Juni atakuwa mikononi. La yule wa kwanza usiliandike, tafadhali. Mama amekataza lisitajwe mpaka huyu azaliwe na afike arobaini, nami nimeona bora iwe hivyo. Nikilala nalisikia lenyewe bila kutajwa.

Wifi yako,
Zuhra


Arusha,
11 Mei 2023

Wifi Zuhra,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na punje ya mpunga ndani. Nimeiweka juu ya kompyuta, iwe mlinzi.

Mwambie Mama siundi kuku. Mwambie hivi.

Siku za mwanzo ndani ya yai, kuku bado hajawa kuku. Ni kitu chembamba kama jani kilicholala juu ya kiini. Mgongoni kwake, karibu na shingo, zinazaliwa seli ambazo hazikai zilipozaliwa. Zinahama. Baadhi zinakwenda kwenye ngozi, ndizo zitakazotia manyoya rangi. Nyingine zinaingia kwenye utumbo kule juu, zinaanza kushuka kuelekea mwisho, na kila zinapopita zinaacha wenzao nyuma. Hao walioachwa ndio watakaokuwa neva za utumbo. Bila wao utumbo haujui kusukuma.

Mwenzangu Wilhelmina ndiye anayefungua mayai kitundu na kupiga picha. Mimi sijavunja yai hata moja. Nachukua picha zake natazama seli zilikuwa wapi jana na ziko wapi leo, kisha naiandikia kompyuta kanuni. Kila seli ni nukta. Nukta ikiona nafasi mbele yake inasogea. Ikipata muda inagawanyika kuwa mbili. Na utumbo nao haukai ukazisubiri, unarefuka siku zote, kama mtu anayekimbilia gatini na gati nalo linakwenda.

Unakumbuka tope jipya likizuka mtoni, mikoko inavyolivamia? Mkoko hautembei. Ule wa ukingoni unadondosha miche mbele yake, miche inakuwa ukingo mpya, na ile ya nyuma imekaa palepale kwa kuwa nafasi imejaa. Nukta zangu ndivyo zinavyokwenda. Za mbele ndizo zinazosonga, na zinasonga kwa kuzaana.

Hapa ndipo nilipokwama. Nikipunguza kidogo tu idadi ya nukta zinazoanza safari, hazifiki mwisho. Utumbo unazishinda mbio. Kile kipande cha mwisho kinabaki kitupu. Ukikitazama kwa nje hakina kasoro, lakini hakisukumi. Chakula kinashuka kinafika mpakani kinasimama, tumbo linajaa, linakuwa gumu. Msimamizi wangu, Dk. Fabiani, anasema ni kosa la programu, nilitafute nilifute kabla sijasimama mbele ya jopo mwezi wa saba. Nimelitafuta. Nadhani si kosa.

Sasa tuje kwenye haki zangu. Mimi ni shangazi. Mtoto hanyolewi nywele za tumboni mpaka niwe nimempakata, hilo mnalijua. Lakini nina haki nyingine nimeiongeza mwenyewe: nataka niandikiwe siku na saa mtoto atakapopata choo cha kwanza. Kile cheusi. Mtoto mzima hukipata siku ya kwanza, akichelewa sana ya pili. Usicheke, Zuhra. Fanya ni ukaidi wa wifi, unione mkorofi, lakini niandikie. Na ikifika siku ya pili hakijaonekana, usikae kusubiri kuniandikia. Nenda hospitali, Kibiti.

Barua hii usiitupe.

Wako,
Sabra


Mbwera,
28 Mei 2023

Wifi mkorofi,

Nimesikia watu wanaodai mahari, wanaodai mashamba, wanaodai kanga. Wewe ni wa kwanza kudai mavi. Nilimsomea Mama sehemu hiyo akacheka mpaka akaketi chini. "Elimu imemfika mwanangu pabaya," akasema. Halafu akafuta machozi ya kicheko na kusema, "Lakini soma tena pale kwenye mikoko."

Nimemsomea mara tatu. Sasa gatini habari imebadilika. Kuku wamekwisha, ni utumbo. "Mwanangu Sabra anaujua utumbo tangu unapoanzia mpaka unapoishia. Zimo seli zinatembea, naye anazihesabu." Mzee Kibwana akamwuliza, "Na zangu je, zinatembea?" Mama akasema, "Zako zimekaa na kunywa kahawa kama mwenyewe."

Nataka nikwambie jambo ambalo yeye hatakwambia. Akishasema hivyo, njiani kurudi anatembea polepole, kanga ameikaza, na kila anayempita anamsalimia yeye kwanza. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mpunga umepona, ndege tumewashinda. Nimeshahama kwenye dungu, niko nyumbani. Vitambaa nimevikunja na kuvipanga, unanijua. Mama naye ameandaa vyake. Fungu la dawa ya mchango limeshaning'inia juu ya mlango wa chumbani, mizizi na maganda, kama alivyowapa wanawe wote. Nimeliona nikatazama pembeni. Mara ya kwanza lilining'inia hapohapo.

Nasali, na wewe uniombee.

Zuhra


Mbwera,
18 Juni 2023

Wifi Sabra,

Assalaam alaikum. Nimejifungua salama mtoto wa kiume, tarehe 14 asubuhi, zahanati. Kaka yako amefurahi sana. Mama mzima, anakusalimu. Soma, usituwaze. Sote ni wazima.

Zuhra


Arusha,
27 Juni 2023

Zuhra,

Hongera. Nimefurahi, kisha nikasoma tena.

Mistari mitano. Wewe ambaye uliwahi kuniandikia kurasa mbili juu ya sahani iliyopasuka. Hukunitukana hata mara moja. Hukusema anafanana na nani. Barua imeandikwa Mbwera, lakini kondakta wa basi aliyeileta anasema alipewa Dar es Salaam na mwanamume mrefu mwenye kovu la panga mkononi, na kovu hilo nalijua, nilikuwepo kaka alipojikata. Nimempigia simu. "Wote wazima," anasema, kisha mtandao unakata. Mara nne. Mtandao wa Mbwera ni mbaya lakini hauna akili ya kukata kila nikiuliza swali.

Nimekaa na mawazo mawili. La kwanza ni kwamba siku ya saba imepita, mmeshamnyoa bila mimi, na mnaona haya kuniambia. Kama ni hilo, nitawakasirikia mwaka mzima na nitakuja kuwakasirikia ana kwa ana. Nimelia kwa ajili ya hilo jana, na Wilhelmina akanipa maji akidhani nimefiwa.

La pili silitaki kwenye karatasi.

Tafadhali liwe la kwanza, Zuhra. Nakuomba liwe hilo. Hukujibu nilichokuuliza.

Sabra


Dar es Salaam,
2 Julai 2023

Sabra wangu,

Hatujamnyoa.

Mama aliniapisha nisikwambie mpaka umalize mbele ya jopo lako. "Akija hapa atafanya nini, atamkata yeye?" alisema. "Mwache afike mwisho wa safari yake." Nimeshika kiapo mpaka leo. Barua yako imenifikia wodini, nimeisoma, na kiapo kimenishinda. Nitafunga siku tatu. Mtoto yu hai. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Alizaliwa na sauti. Alinyonya vizuri. Siku ya kwanza sikuona choo, nikasema bado. Ya pili asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, mchana akatapika kijani. Nilimshika nikawa namwona yule wa kwanza, Mwanaidi wangu, tumbo lilelile, ngozi ileile inayong'aa. Majirani wakajaa. Wakasema mchango. Mama akapanda kwenye kigoda akalitungua fungu.

"Mchango huu," akasema. "Ni kama ule wa..." Miaka minne hatujamalizia sentensi hiyo, wala siku hiyo hatukuimalizia.

Nikaamka kitandani, nikatoa barua yako chini ya vitambaa, nikamsomea mbele ya wote. Pale kwenye mpaka. Chakula kinashuka, kinasimama, tumbo linajaa, linakuwa gumu.

"Hayo ni ya kuku," akasema Mama.

"Mama, sikiliza mwisho wake. Ameandika mtoto. Ameandika siku ya pili, nenda Kibiti."

"Tangu lini Sabra akawa mkunga?"

Sabra, unajua mimi sijawahi kumpandishia mama yako sauti. Sikupandisha hata hapo. Nilimwuliza tu, "Mama, nani alisimama gatini mbele ya Mzee Kibwana na watu wote akasema mwanangu anaujua utumbo tangu unapoanzia mpaka unapoishia?"

"Mimi."

"Ulisema kweli au ulikuwa unajisifu?"

Jirani mmoja, mke wa fundi, akajifunika mdomo na kanga. Mama akanitazama, nikadhani atanifukuza. Akaangalia lile fungu mkononi. Akapanda tena kwenye kigoda, akalirudisha juu ya mlango, akalifunga fundo.

"Mimi sijisifu," akasema, kisha akamwita kaka yako, "Gharibu! Boti!"

Maji yalikuwa yamekupwa. Kaka yako na vijana wa gatini waliisukuma boti juu ya tope mpaka mkondoni, na Mzee Kibwana yule mtani wetu aliingia tope mpaka kifuani na kanzu yake. Tulifika Nyamisati, tukapata gari mpaka Kibiti. Tabibu pale, kijana anaitwa Michael, akauliza mtoto ana nini. Kabla sijafungua mdomo Mama akasema, "Seli hazikufika!"

"Zipi, Bibi?"

"Za utumbo. Zimeishia njiani. Mwanangu ndiye anayezihesabu, yuko Arusha."

Tabibu angeweza kucheka. Hakucheka. Aliweka mkono tumboni, akaniuliza choo cha kwanza, nikamwambia hakipo na ni siku ya pili. Akatoka mbio kwenda kuita gari la wagonjwa.

Huku Dar wamemfungulia kitundu pembeni ya tumbo, choo kinatokea hapo mpaka akue. Walikata kipande kidogo cha utumbo wakakiweka kwenye hadubini. Daktari akanichorea kwenye karatasi: huku neva zipo, huku hazipo. Alichora nukta, Sabra. Nukta, nukta, nukta, halafu kitupu. Nikamwambia hii picha naijua. Akaniuliza nimeiona wapi, nikamwambia kwenye barua ya wifi yangu.

Operesheni kubwa itakuwa akifikisha uzito, labda Novemba. Watakata kile kitupu waunganishe palipo pazima. Sasa ananyonya, ananenepa, kitundu nimejifunza kukisafisha, na akina mama wa hapa wananiita niwaoneshe namna ninavyokunja kitambaa. Jina ameandikishwa Twalibu, mtafuta elimu. Mama ndiye aliyelichagua, na unajua alikuwa anamfikiria nani.

Na nywele zake hazijaguswa. Siku ya saba muuguzi alitaka kunyoa kidogo pembeni apate mshipa wa kutilia dawa. Mama akasimama mbele ya kitanda. "Sindano itie mkononi. Kichwa kina mwenyewe."

Malizana na hilo jopo lako kwanza. Kisha njoo.

Zuhra


Arusha,
6 Julai 2023

Zuhra,

Nimesoma nimekaa, kama ulivyosema. Kisha nikasimama, na sijui nilisimama muda gani.

Nitakuwa Dar tarehe 13. Jopo ni tarehe 12, nitapanda basi usiku huohuo. Mwambie Mama kiapo chake kimevunjika na asimguse aliyekivunja.

Uliniambia nisimtaje Mwanaidi, nami sikumtaja. Sasa naomba nimtaje mara moja. Nilipokuja huku nilipewa nichague: kuna waliokuwa wanafuata seli za rangi ya manyoya, kazi rahisi, picha nzuri, na kuna utumbo ambao haukutakiwa na mtu. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja juu ya watoto wa binadamu wanaozaliwa seli zikiwa hazikufika. Nikakumbuka tumbo la Mwanaidi. Hakupimwa na mtu, sikuwa na hakika, na sina hakika hata leo. Lakini nilichagua utumbo siku hiyohiyo. Kila nukta niliyoandika ilikuwa inashuka kwenda kule alikokwama.

Ulipopata mimba nilitaka kukuandikia wazi. Ungelala vipi, na miezi ilikuwa bado? Na Mama alikuwa amefunga mlango. Basi nikakuandikia kuku, nikakuandikia kuku mpaka uchoke, nikadai mavi. Nilidhani umecheka ukasahau.

Hukusahau. Ulisimama ukiwa na uzazi wa siku mbili, mbele ya Mama Mwajabu binti Mwinyimvua, ambaye hata mwenyekiti wa kijiji humpisha njia, ukamwuliza kama anajisifu. Mimi mwanawe wa kumzaa nisingethubutu. Nimemsimulia Wilhelmina sehemu hiyo mara mbili na leo ameniomba ya tatu.

Sabra


Arusha,
21 Julai 2023

Mama yangu mpenzi, na wifi yangu Zuhra,

Nimefika salama. Mikono yangu bado ina harufu ya Twalibu. Zuhra, yule mtoto si kwamba anafanana na kaka, ni kaka mwenyewe amepunguzwa. Na zile nywele! Zinasimama kama zimesikia kwamba hazinyolewi mpaka apone, nyumbani Mbwera.

Pale wodini tulikuwa na mengi, Mama alikuwa anawaonesha watu wote mimi na mimi nilikuwa naona haya, hivyo sikuwasimulia ya jopo sawasawa. Nayaandika sasa.

Wiki moja kabla, Dk. Fabiani alikuwa ameniambia kwa mara ya mwisho niiondoe ile picha ya utumbo mtupu. Si mtu mbaya. Aliniogopea. Alijua jopo litauliza kwa nini modeli yangu inavunjika, na alitaka nipite. Nilimwambia, "Mwalimu, haivunjiki. Hapo ndipo inaposema kweli." Akakuna ndevu, akasema, "Basi utaitetea peke yako. Mimi nitakaa nyuma."

Nikaiweka ukutani, kubwa. Mtahini mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akauliza hilohilo: nitajuaje si kosa la programu? Nikamwonesha. Nimeiendesha modeli nikiongeza mwendo wa nukta, hazikufika. Nikaongeza nafasi, hazikufika. Nikaongeza idadi ya zinazoanza, zikafika zote mpaka mwisho. Si kwamba nukta zile zilikuwa vivu. Zilianza zikiwa chache, na utumbo haukuzisubiri. Kisha Wilhelmina akatoa picha za mayai ambayo alipunguza seli kwa mkono wake, na mpaka wa utumbo mtupu ulikuwa karibu kabisa na mpaka wa kompyuta yangu. Mtahini akavua miwani, akasogea ukutani, akatazama muda mrefu. Akasema, "Haya, binti. Endelea."

Nilikuwa na Twalibu kooni wakati wote. Ningeweza kumtaja, na najua chumba kizima kingenisikiliza kwa namna nyingine. Sikumtaja. Modeli ya kuku isimame kwa ushahidi wa kuku, na mtoto wetu si picha ya kuoneshwa ukutani. Nilitaka nipite kwa miguu yangu.

Nimepita.

Baada ya hapo, nje, nilimwambia Dk. Fabiani ninakwenda kupanda basi na kwa nini. Alibeba begi langu mpaka stendi, yeye mwenyewe, na njiani akaniuliza mtoto ana uzito gani.

Kwenye ukurasa wa shukrani nimeandika majina mawili tu ya nyumbani, Mwanaidi na Twalibu. Mama, nilikuwa nakuogopa kwa hilo la kwanza. Uliponipeleka kwenye ngazi za hospitali ukaniambia, "Mtaje. Alikuwa mjukuu wangu," nilikuwa tayari nimeshamwandika.

Mwana wenu,
Sabra


Dar es Salaam,
30 Novemba 2023

Kwa Sabra,

Naandika Zuhra, anasema Mama. Amenikataza kupunguza neno.

Mwanangu Sabra, salaam. Ni mimi mama yako Mwajabu. Operesheni kubwa imekwisha wiki mbili, na kile kitundu cha pembeni wamekifunga juzi. Wamekata kitupu, wameunga pazima. Tangu wafunge tulikaa tunangoja. Wodi nzima inangoja, maana tuko akina mama saba na kila mmoja ana wake. Tumelala hatulali, tunatazama vitambaa. Nakwambia, mwanangu, sijapata kuona watu wazima wanavyoangalia makalio ya watoto kama sisi.

Basi leo mchana, mjukuu wangu kanya. Mwenyewe. Panapostahili.

Nilikishika kile kitambaa nikakipandisha juu. Nikapiga kigelegele, na wenzangu wote sita wakaitika, mpaka wa wodi ya pili wakatoka mlangoni kuuliza bibi harusi yuko wapi. Akaja muuguzi, anaitwa Recho, mkali huyo, "Bibi! Hii ni hospitali! Kelele za nini?" Nikamwonesha. Akachungulia. Akatazama nyuma kama daktari hayupo. Kisha naye akapiga kimoja, kifupi, cha kikazi.

Nimewaambia wote kwamba shangazi yake alikuwa anajua tangu yuko tumboni. Usinikatalie. Sijisifu, nasema kilichotokea.

Lile fungu langu la dawa bado liko juu ya mlango na litakaa hapo. Ni dawa ya mchango. Nilikosea ugonjwa, sikukosea dawa.

Jumanne tunarudi Mbwera. Mbuzi wawili kaka yako ameshawafunga, Mzee Kibwana amesema ndiye atakayechinja, maana kanzu yake ilikufa kwenye tope na anadai fidia ya maini. Wembe nimenunua, uko ndani ya karatasi yake. Nywele zimemshukia mjukuu wangu machoni, watu wanamwita binti. Mimi nawaambia zina mwenyewe, anakuja. Sasa njoo. Panda basi, njoo umpakate mtoto wako, usinitie aibu gatini.

Mama yako,
Mwajabu binti Mwinyimvua

Wifi, hapa chini ni mimi Zuhra. Mama amekwenda kukionesha kitambaa kwa mlinzi wa getini.

Mvua ikitulia tunapanda mpunga, na safari hii kwenye dungu utakaa wewe. Msimu uliopita niliwinga ndege peke yangu nikiwa na tumbo la miezi minane, na deni hilo sijakusamehe.

Uliniuliza jambo tarehe 11 Mei, na bado sijakujibu. Najibu sasa.

Ni leo, tarehe 30 Novemba 2023, saa saba na robo mchana. Kingi. Si cheusi tena, ni cha manjano, na alikuwa anacheka.

Zuhra